Walitaka Kuona Chuma Kikiyeyushwa: Kisa cha Kikundi cha Mafunzo Mjini Kitakyushu

Usuli

Kitakyushu ipo kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Kyushu, Japani, ukingoni mwa mlango wa bahari wa Kanmon unaokitenga kisiwa hicho na Honshu. Mji huu ulizaliwa mwaka 1963 kwa kuunganishwa miji mitano: Moji, Kokura, Tobata, Yahata na Wakamatsu. Mgeni asiyelijua hilo hupata tabu tangu asubuhi ya kwanza, kwa sababu hadi leo hakuna "katikati ya mji" moja. Moji ilikuwa bandari, Kokura mji wa ngome na wanajeshi, Yahata mji wa chuma, Wakamatsu gati la makaa ya mawe, na Tobata iliishi kwa viwanda na uvuvi. Kila mmoja una stesheni yake, soko lake na sababu yake ya kuwepo.

Kisa hiki kinaihusu zaidi Yahata. Mwaka 1901 serikali ya Meiji, yaani ya Mfalme aliyetawala Japani ilipoanza kujenga viwanda vya kisasa, iliwasha hapo tanuru la kiwanda cha taifa cha chuma. Makaa ya mawe yalitoka Chikuho, bara kidogo tu kutoka hapo, mawe ya chuma yaliletwa kwa meli kutoka Uchina, na ramani za mitambo zilitoka kwa Wajerumani. Mwaka 2015 UNESCO iliingiza sehemu za kiwanda hicho katika Urithi wa Dunia, pamoja na maeneo mengine ya mapinduzi ya viwanda ya enzi za Meiji.

Waafrika Mashariki hufika huku zaidi kwa mafunzo. Kituo cha Kyushu cha JICA, shirika la serikali ya Japani la ushirikiano wa kimataifa, kiko Yahata penyewe, na kwa miaka mingi kimepokea watumishi kutoka Afrika wanaosomea taka, maji na mazingira. Kikundi cha kisa hiki kilikuwa cha watu tisa, watumishi wa halmashauri na mamlaka za maji kutoka nchi mbili zetu. Majina, miji yao na mwaka nimeviondoa. Walikuwa na Jumamosi na Jumapili huru katika mwezi wa Oktoba, nami nilikuwa mkalimani wao kwa siku hizo mbili. Wanne walikuwa Waislamu. Mmoja, tuliyemwita Mzee, alikuwa na goti bovu lakini hakupenda litajwe.

Orodha ya kwanza

Orodha ilikusanywa na vijana wawili wa kikundi kutoka intaneti, usiku, kwa nia njema kabisa. Ilikuwa na ngome ya Kokura, soko la Tanga, kiwanda cha chuma cha UNESCO, bustani ya maua ya fuji, uwanja wa burudani wa Space World, mtaa wa zamani wa Mojiko, yaani bandari ya Moji, maduka ya bei ya punguzo na mlima Sarakura usiku. Mambo manane kwa siku mbili, katika mji uliotandazwa kandokando ya ghuba na mlango wa bahari.

Nilipoisoma Ijumaa jioni, mawili yalifutika papo hapo. Bustani ya Kawachi, ile yenye vichochoro vya maua ya zambarau vinavyosambazwa kila mwaka kwenye simu za watu, huchanua mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, na msimu huo tiketi hununuliwa mapema kwa saa maalumu. Oktoba hakuna ua. Space World ilifungwa siku ya mwisho ya mwaka 2017. Kilichowapoteza vijana ni kwamba stesheni ya treni bado inaitwa Space World, na ramani ya simu inaionyesha hadi leo. Mahali pa uwanja huo sasa pana maduka yaliyofunguliwa mwaka 2022, yaani yale yale ya bei ya punguzo yaliyokuwa kwenye orodha yao. Walikuwa wameandika sehemu moja mara mbili.

La kiwanda lilihitaji mazungumzo zaidi. Kiongozi wa kikundi aliniambia waziwazi: "Ndugu yangu, hawa watu wamesafiri mbali. Wanataka kuona chuma kikiyeyushwa." Nilimweleza kwamba kiwanda kinachofanya kazi hakiingiliki bila maombi ya mapema, na kwamba jengo la ofisi kuu la mwaka 1899 liko ndani ya eneo la kazi, hivyo wageni huliangalia kutoka jukwaa lililojengwa nje, umbali wa mita zipatazo 80. Alisikiliza akasema tutaona huko huko. Orodha ikabaki na mambo sita.

Jumamosi

Tulianzia ngome ya Kokura. Hosokawa Tadaoki alianza kuijenga mwaka 1602. Iliungua mwaka 1866 katika vita vya mwisho wa utawala wa Tokugawa, ukoo wa kijeshi ulioitawala Japani kabla ya Meiji, na mnara unaoonekana leo ni wa zege, wa mwaka 1959. Nilipolisema hilo, nusu ya kikundi ilipoteza hamu. Walipiga picha, wakazunguka handaki la maji, basi.

Lililofuata halikuwa kwenye orodha. Mita chache kutoka ngomeni, katika bustani ya Katsuyama, lipo jumba la makumbusho ya amani lililofunguliwa mwaka 2022, mahali palipokuwa na kiwanda cha silaha cha jeshi. Tarehe 9 Agosti 1945 ndege iliyobeba bomu la pili la atomiki iliizunguka anga ya Kokura ikitafuta kiwanda hicho. Mawingu na moshi viliziba shabaha, marubani wakageuza kuelekea Nagasaki. Inadhaniwa sehemu ya moshi huo ilitoka Yahata, iliyokuwa imepigwa mabomu siku moja kabla. Kila Agosti watu wa mji huu huwakumbuka wafu wa Nagasaki hapo bustanini. Kikundi kiliingia kwa sababu Mzee alitaka kukaa. Kilitoka baada ya saa nzima, na hakuna aliyeniuliza tunaelekea wapi.

Chakula cha mchana kilituvuruga. Kokura inajisifu kuwa ndiko ilikoanzia udon, yaani tambi nene za ngano, ya kukaanga, na wote waliitaka, lakini kwa kawaida huwekwa nyama ya nguruwe. Nilipendekeza samaki wa nukadaki wa soko la Tanga, dagaa au vibua waliochemshwa taratibu kwa pumba za mchele zilizochachushwa, ila mchuzi wake mara nyingi hutiwa pombe ya kupikia. Wale wanne wakaishia kwenye wali mweupe, mayai na matunda, sokoni humo ambamo nusu ya vibanda vilinukia vizuri. Soko hilo lilipata moto mara mbili mwaka 2022, Aprili na Agosti, na wachuuzi waliorejea wanastahili wateja. Inauma kuwapitisha watu humo wakiwa na njaa.

Alasiri tulipanda treni hadi stesheni ya Space World na kutembea hadi jukwaa la kutazamia ofisi kuu. Jengo la matofali mekundu, dogo, zuri, ng'ambo ya uzio. Wakalitazama. Dakika kumi baadaye kijana wa mamlaka ya maji akasema kwa sauti walichokuwa wakifikiria wengi: "Hivi ndivyo vyote?"

Mwingine aliuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: wakati wa vita, ni nani walifanya kazi humu? Nitalirudia chini.

Kwenye tanuru

Kutoka jukwaani hadi tanuru la kwanza la Higashida si mbali. Tanuru hili halina uzio wa kukuweka mbali nalo. Unaingia, unasimama chini ya mabomba yenye unene wa kibanda, unaona mahali chuma kilipotokea. Juu kabisa pana bango la tarakimu 1901. Ni vizuri mwongozaji aseme mapema kwamba bango linautaja mwaka kiwanda kilipowashwa. Tanuru lenyewe ni kizazi cha kumi, la mwaka 1962, na lilizimwa mwaka 1972.

Hapo tulimkuta mzee mmoja Mjapani aliyestaafu kiwandani, aliyekuwa akiwaelekeza wageni kwa hiari. Alipojua kwamba wageni wangu wanashughulika na taka na maji, aliacha maelezo yake ya kawaida akaanza na kushindwa. Tanuru la 1901, alisema, halikufanya kazi ipasavyo. Lilijengwa kwa ramani ya Kijerumani, lakini koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa tayari kwa tanuru, ya Kijapani haikuwa kama ya Ujerumani. Mwaka 1902 likazimwa. Akaitwa mhandisi Noro Kageyoshi, akarekebisha umbo la tanuru na koki yenyewe, na mwaka 1904 likawaka bila kusita. Yule kijana aliyeuliza kama hivyo ndivyo vyote alisogea mbele kabisa. Kwao, aliniambia baadaye, kuna mtambo wa kusafishia maji ulioletwa kutoka nje ambao haujawahi kufikia nusu ya uwezo wake.

Kisha mzee akaonyesha kwa mkono upande wa ghuba. Miaka ya 1960, alisema, Ghuba ya Dokai iliitwa bahari ya kifo, na moshi wa rangi saba uliimbwa kama dalili ya neema. Mama mmoja wa kikundi, afisa wa afya ya mazingira, akauliza: "Nani alianza kulalamika?" Yule mzee Mjapani akajibu bila kufikiri: wanawake wa Tobata.

Uamuzi

Kikao kilifanyika pale pale, kwenye mabenchi. Jumapili ilikuwa imepangwa Moji asubuhi, maduka mchana, Sarakura jioni. Afisa wa afya alitaka yafutwe yote ili tuizunguke ghuba. Vijana wawili walikuwa wameahidi zawadi nyumbani na hawakuwa tayari kuyaacha maduka. Wengine walikuwa wameshawaambia jamaa zao kwamba watavuka kwa miguu chini ya bahari huko Moji, na ahadi hiyo nayo ilikuwa nzito.

Kiongozi aliamua hivi. Maduka yafanyike jioni ile ile, kwa kuwa yako jirani. Jumapili kikundi kigawanyike: wanaotaka Moji waende na mratibu wa mafunzo, wanaotaka ghuba waje nami, wote wakutane saa kumi jioni stesheni ya Yahata ili wapande Sarakura kabla jua halijazama. Alieleza sababu zake kwa uwazi ambao viongozi wengi wa misafara hawana. Alisema kuwalazimisha watu tisa waone kitu kimoja kutazaa watu wanne wanaotazama simu, na kwamba mlimani ndiko kila mmoja angeweza kumwonyesha mwenzake alikokuwa. Mzee alipangiwa teksi bila kuulizwa mbele ya watu. Nalitaja kwa sababu lilifanywa kwa adabu.

Jumapili

Watatu walikwenda Moji. Waliona stesheni ya mbao ya mwaka 1914, wakashuka kwa lifti hadi njia ya watembea kwa miguu ya mwaka 1958, yenye urefu wa mita 780 chini ya mlango wa bahari, wakapigana picha mguu mmoja Fukuoka na mwingine Yamaguchi kwenye mstari wa mpaka wa mikoa hiyo miwili. Walirudi wamefurahi, na sina la kuongeza.

Sita waliobaki, pamoja nami, tulianzia Tobata. Katika mitaa hii, tangu mwaka 1950, vikundi vya wanawake vilianza kupima masizi yaliyoangukia nguo walizoanika. Hawakuwa na maabara. Walikuwa na kamba za nguo, daftari, na waume waliolipwa mshahara na viwanda hivyo hivyo. Mwaka 1965 walitengeneza filamu yao fupi, "Aozora ga Hoshii", yaani tunataka anga la buluu, wakawaonyesha watawala na wenye viwanda. Nilipokuwa nikieleza hayo kando ya gati, afisa wa afya alinikatiza mara tatu kwa swali lile lile kwa maneno tofauti: waume zao walisemaje? Nilimwambia ninachojua, kwamba ulikuwa mzozo wa ndani ya nyumba kabla haujawa wa mji.

Kisha tukapanda kivuko cha kwenda Wakamatsu. Safari ni ya dakika chache tu, abiria na baiskeli zao, na juu yako daraja jekundu la Wakato la mwaka 1962. Wote sita walikiita pantoni, kama cha Kigamboni, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa walijisikia wako mahali wanapopajua. Maji yalikuwa safi vya kutosha kuona samaki karibu na nguzo za gati. Hapo ndipo nilipowapa habari ya miaka ya 1970: serikali ya mji na viwanda vilichimba kutoka chini ya ghuba mashapo yenye zebaki, mita za ujazo zipatazo 350,000, na sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na viwanda vyenyewe. Mzee, ambaye kazi yake ni hesabu za halmashauri, alitoa kalamu.

Wakamatsu upande wa pili ilikuwa kimya. Zamani ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za makaa ya mawe Japani. Yamebaki majengo ya kampuni za makaa, likiwemo la Furukawa la mwaka 1919, na kibanda cha kumbukumbu ya wapagazi, wanaume kwa wanawake, waliopakia makaa melini. Mikahawa mingi ilikuwa imefungwa. Tulikula mikate ya dukani tukiwa tumekaa ukingoni mwa maji.

Saa kumi tulikutana Yahata, tukapanda treni ya kuvutwa kwa waya hadi karibu na kilele cha Sarakura, mita 622. Mandhari yake ya usiku huhesabiwa miongoni mwa tatu mpya bora za Japani. Lakini kwetu lililofaa zaidi ni ile nusu saa kabla ya giza, maana ghuba yote, daraja, matanuru ya Tobata na mlango wa Kanmon vilionekana kwa mpigo mmoja. Wale wa Moji waliwaonyesha wenzao mahali walipopita chini ya maji. Wale wa Tobata walifuata kwa kidole njia ya kivuko. Kiongozi hakusema kitu, alikuwa akipiga picha za watu wake.

Matokeo

Jumatatu darasani maswali yalibadilika. Wiki iliyotangulia walikuwa wakiuliza bei ya mitambo na jina la mtengenezaji. Sasa waliuliza nani alilipa, kwa asilimia gani, kwa sheria ipi, na viwanda vilikubali kwa kubembelezwa au kwa kulazimishwa. Afisa wa afya aliomba ziara moja ya kiwanda cha kuchakata taka ifupishwe ili wakutane na wakazi wa mtaa. Ikakubaliwa kwa alasiri moja.

Hasara nazo zilikuwepo. Waislamu wanne walishinda siku mbili bila mlo kamili wa mchana. Wale wa Moji waliukosa moyo wa habari ya ghuba na walilazimika kuipata kwa kusimuliwa. Na pale jukwaani, kikundi kilipita kwenye Urithi wa Dunia bila kugundua kilikuwa kikitazama nini.

Uchambuzi

Naanza na jukwaa, kwa sababu ndilo lililoshindwa kwa namna itakayojirudia kwa kila kikundi. Mji wa viwanda hauna vivutio vya kusimama peke yake kama mlima wenye theluji au hekalu la dhahabu. Ofisi ya matofali iliyo umbali wa mita 80 haisemi lolote kwa mtu ambaye hajaambiwa tanuru lilizimika mwaka 1902. Tulianzia ofisini tukamalizia tanuruni. Tungegeuza, kijana yule angeitazama ofisi kama mahali ambapo watu waliketi wakijiuliza kwa nini mashine ya Wajerumani inawakataa. Jengo ni lile lile. Mpangilio ndio uliolifanya bubu.

Mzee aliyestaafu alifanikiwa kwa sababu aliuliza kwanza wageni ni akina nani. Nimeona waongozaji wengi, wa Japani na wa kwetu, wanaosimulia kwa ufasaha habari ile ile kwa kila anayefika. Yeye alibadilisha mlango wa kuingilia. Wahandisi angewapa shinikizo la hewa na joto. Hawa aliwapa kushindwa na uchafu. Pasipokuwa na mtu kama huyo, mkalimani hana budi kuifanya kazi hiyo mwenyewe, na kuifanya kabla ya siku yenyewe.

Kugawa kikundi naona kulikuwa uamuzi bora kuliko yote, na ninajua wasafirishaji wengi watapinga. Hoja yao ni usalama na gharama. Kwa watu wazima tisa, katika mji wenye treni za uhakika, hoja ya usalama ni ndogo. Kilichoufanya mgawanyo usiwe mfarakano ni mahali pa kukutania palipo juu ya kila kitu. Bila Sarakura wangerudi vikundi viwili vyenye hadithi mbili.

Chakula kilishindwa kwa uzembe wa kawaida kabisa: kila mmoja alidhani mwingine ameuliza. Kuambiwa "kuna samaki" hakutoshi Japani. Lazima uulize kuhusu mchuzi, pombe ya kupikia na mafuta, na uulize kwa maandishi siku moja kabla. Jumapili, Wakamatsu, chukua chakula chako.

Orodha ya intaneti sitaiponda. Vijana walijitahidi. Ila kila jina kwenye orodha linahitaji maswali mawili: bado lipo, na liko wazi siku hiyo? Makumbusho mengi ya Japani hufungwa Jumatatu, na Jumatatu ikiwa sikukuu hufungwa kesho yake. Mwisho wa juma uliwaokoa na mtego huo bila wao kujua.

Linabaki swali la jukwaani: wakati wa vita nani walifanya kazi humu? Mwelekezaji wa pale alijibu kwa kifupi kwamba ilikuwa zama ngumu. Mwaka 2015, katika kikao kilichopitisha urithi huu, ujumbe wa Japani ulitamka kwamba katika baadhi ya maeneo hayo walikuwepo Wakorea wengi na wengine walioletwa bila ridhaa yao na kufanyishwa kazi katika hali ngumu miaka ya 1940. Korea Kusini imeendelea kulalamika kwamba hilo halielezwi vya kutosha kwa wageni. Wageni wetu wanatoka kwenye nchi zilizojengewa reli na mashamba ya mkonge kwa kazi ya lazima. Wataliuliza, tena haraka kuliko wageni wengi, na wana haki ya kupata jibu kamili. Kwa vikundi vinavyokuja sasa ninalieleza Ijumaa jioni, pamoja na habari ya Noro na ya wanawake wa Tobata, kisha Jumamosi tunaanzia tanuruni.